Miguu ya Mama Mkwe Wangu

Kidonda cha mama mkwe wangu nilikifungua mimi, kwa mkono wangu, siku ya Jumamosi, nikimsugua miguu. Nalisema mwanzoni ili mtu asije akanifikiria vizuri kuliko ninavyostahili.

Kwetu, mtaa wa Katoyi, nyumba zimekaa juu ya mawe ya volkano. Ukitoka mlangoni unakanyaga jiwe, ukienda chooni unakanyaga jiwe, na watoto wanajifunza kusimama wakiwa wameshika jiwe. Miguu inapasuka. Vumbi jeusi linaingia katika nyufa za visigino na halitoki kwa sabuni peke yake. Kwa hiyo kila nyumba ina kipande chake cha jiwe la volkano, lile jepesi lenye matundu, na Jumamosi wanawake wanakaa nje na beseni wakisugua visigino, ili Jumapili waingie kanisani na miguu ya kutazamika. Mama mkwe wangu alikuwa akisema mtu hawezi kwenda kupokea komunio na visigino kama barabara mbovu ya Sake.

Yeye ni mtu wa milima ya Masisi. Alifika mjini kwa kutembea, wakati wa kukimbia vita, akakaa kwanza katika kambi ya Mugunga chini ya plastiki, mpaka mume wangu akaenda kumchukua. Siku aliyoingia kwetu nilimletea maji ya kunawa miguu, nikaona nyayo zake. Zilikuwa ngumu kama kwato. Nikachukua jiwe langu nikaanza kusugua, naye akaniachia. Jumamosi iliyofuata alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kibao, akanyoosha miguu. Ikawa hivyo kwa miaka saba.

Mume wangu alikuwa akitupita pale na kutucheka.

"Mama, unamutesa bibi yangu na hizi miguu zako."

"We nilikupangusa matako miaka tatu," mama yake alimjibu. "Hakuna mutu alikuja kunicheka."

Mume wangu alikuwa fundi wa kujenga. Alikufa kwa presha. Asubuhi alisema kichwa kinamuuma, akaenda kazini hivyohivyo, na mchana wakanipigia simu niende hospitali. Nilikuta wameshamfunika. Sitaandika zaidi juu ya siku hiyo, kwa sababu sikumbuki vizuri, na sitaki kutunga.

Matanga yalipokwisha, familia ilikaa kuamua mama aende wapi. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ana nyumba nzuri upande wa Katindo, na ilikuwa haki yake kumchukua. Mama akasema, "Nitabaki kwa mukazana wangu." Mukazana ndivyo wanavyomwita kwao mke wa mtoto wao. Shemeji alikubali lakini hakufurahi.

Tukabaki, mimi na yeye na watoto wangu wawili wa kike wanaosoma. Mchana ninauza maharagwe sokoni. Nikirudi, tulikuwa tunakula na kulala. Hatukuwa na mazungumzo. Nikimtazama usoni nilikuwa ninaona pua ya mume wangu, naye nadhani akitazama mikono yangu alikuwa anaona nguo nilizokuwa ninamfulia mtoto wake. Ilikuwa afadhali kutazama pembeni. Kitu kimoja tu tulijua kukifanya pamoja, nacho ni ile Jumamosi. Ananyoosha miguu, namshika kisigino, nasugua. Nikikaza mkono anasema, "Polepole, mukazana." Napunguza. Baada ya muda tena: "Polepole." Nilizoea kusugua kwa kufuata sauti yake. Sikuwa ninatazama sana.

Alikuwa na ugonjwa wa sukari tangu zamani, wa kumeza vidonge. Sisi tulijua sukari ni mambo ya chai na ya kukojoa mara nyingi. Kwamba sukari inashuka mpaka miguuni, hatukujua.

Ilikuwa Jumamosi ya kuamkia Pasaka. Chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia alikuwa na sugu, ngozi nene ya manjano, kubwa kama kifuniko cha chupa. Nikataka iishe kabisa kwa ajili ya sikukuu. Nikasugua kwa nguvu. Alisema "polepole" mara mbili, kisha akaanza kunisimulia habari ya mbuzi wa jirani aliyekula kitenge kwenye kamba. Maji ya beseni yakaanza kuwa mekundu. Nikafikiri ni rangi ya kitenge chake inayochuja. Nilipogeuza ule mguu nikaona shimo, na damu inatoka, naye bado yuko kwenye mbuzi.

"Mama, nimekukata."

Aliinama kutazama. "Aa, hiyo ni kidogo. Nilisikia, nikavumilia tu."

Nikamwamini. Niliweka chumvi, nikafunga kitambaa. Siku ya tatu nikafungua kidonge cha rangi mbili, cha kuua wadudu, na kumwagia unga wake juu ya kidonda, kama tunavyofanya wote. Kila asubuhi nilimuuliza kama kinauma, naye akasema hakiumi, nikashukuru. Zikapita wiki tatu. Siku moja niliingia chumbani kwake nikasikia harufu, nikahangaika kusogeza magunia nikitafuta panya aliyekufa. Nilihamisha kila kitu. Hakukuwa na panya.

Kuna kituo cha afya ambapo muuguzi mmoja anapokea watu wa miguu tu kila Jumanne. Yeye si daktari. Alinieleza baadaye kwamba katika nchi nyingine kuna waganga wanaosomea miguu peke yake, miaka mingi, kuanzia kucha mpaka kifundo, na kwamba yeye alifundishwa na mmoja wao aliyepita hapa, kwa miezi michache tu. Alikuwa mtu mnene mwenye miwani midogo. Anakaa kwenye kibao kifupi na kuweka mguu wako juu ya paja lake, na anasalimia mguu kwanza kabla ya kukutazama usoni.

Jumanne iliyofuata nilimpeleka, na kwenye benchi tulikuta kijana wa pikipiki, kifundo kimevimba kama mkate, na mama mmoja muuza unga anayeumwa kisigino. Wote tulikuwa tunasikiana kwa sababu chumba ni kimoja na pazia lilikuwa limepelekwa kufuliwa.

"Uliteguka wapi?" mama mkwe wangu alimuuliza kijana.

"Niliweka muguu chini pikipiki ikitaka kuanguka, jiwe likanigeukia. Shangazi yangu akanikanda na maji ya moto. Alivuta, alivuta."

"Alikukanda ao alikupiga?"

Watu walicheka, na kijana naye, huku amekunja uso. Muuguzi alimbonyeza mfupa wa kila upande wa kifundo, akamwambia asimame na kupiga hatua nne mbele yake. Alizipiga akichechemea. "Haikuvunjika," akasema. "Ni zile kamba zinazoshika mifupa, zimevutika, na shangazi akaziongezea." Akamfunga bendeji kuanzia vidoleni kwenda juu, akamwambia aweke kitambaa cha maji ya baridi, mguu ukae juu ya mto, na maumivu yakipungua awe anasimama kwa mguu huo mmoja kila anapopiga mswaki, ili kifundo kijifunze tena kazi yake. "Na shangazi umusalimie. Umuambie apumzike."

Yule mama wa unga alisema kisigino kinamchoma asubuhi anaposhuka kitandani, hatua za kwanza kama anakanyaga msumari, kisha kinapoa. Muuguzi hakumpa dawa. Alimsimamisha mbele ya ukuta, mikono ukutani, mguu mmoja nyuma, akamwonyesha jinsi ya kuvuta msuli wa nyuma ya goti mpaka kisigino. "Asubuhi na jioni. Na hii chupa, jaza maji, uviringishe chini ya muguu ukiwa umekaa. Na hizi sandali zimekwisha, mama. Unatembea juu ya karatasi."

Kisha sisi.

Alifungua kitambaa changu, akakitazama kidonda muda mrefu bila kukigusa. Nilijua harufu imefika kwa wote, lakini hakuna aliyesogea.

"Ilianza namna gani?"

Mama mkwe wangu alinitangulia. "Nilikanyaga musumari."

Muuguzi alichukua kiatu cha mama, akageuza soli, akaingiza mkono ndani na kupapasa. Hakuna tundu. Akakiweka chini taratibu. Akatoa kijiti chenye uzi mgumu wa nailoni mbele, kama wa kuvulia samaki, akamgusa nao mama mkononi kwanza ajue unavyohisika.

"Sasa fumba macho, mama. Kila saa ukisikia nimekugusa kwa muguu, sema ndiyo."

Mama alifumba macho. Muuguzi akamgusa chini ya kidole gumba, ule uzi ukapinda. Kimya. Akamgusa chini ya kidole kidogo. Kimya. Akagusa kisigino. Mama, labda akiona amekaa muda mrefu bila kujibu, akasema, "Ndiyo." Akangoja kidogo. "Ndiyo." Akaendelea hivyo, kwa sauti ya utulivu, kama anaitikia padri. "Ndiyo." Mimi nilikuwa nimesimama pale, ninaona kila kitu.

"Mama," muuguzi akasema, "mukono yangu iko ndani ya mufuko."

Alifumbua macho. Mkono kweli ulikuwa ndani ya mfuko wa koti jeupe. Kijana wa pikipiki, aliyekuwa akifunga viatu, aliacha kufunga.

"Tuanze tena?"

"Hapana," mama akasema. "Wacha." Alitazama miguu yake. "Sisikii kitu. Tangu Mugunga. Hizi miguu zilitangulia mutoto wangu kufa."

Nikamuuliza, mbele ya wote, kwa sababu sikuweza kungoja. "Na ile polepole, mama?"

"Kama ningesema sisikii, ungeacha kunisugua."

Alilisema kama neno la kawaida. Miaka saba yote alikuwa akikisia. Akiona mabega yangu yamekaza, anasema polepole. Nilifikiri ninamsugua mtu anayenisimamisha nikikosea.

Nikasema, "Dokta, hakuna musumari. Nilimukata mimi, na jiwe la volkano. Siku ya mbele ya Pasaka."

"Mutoto anasema uongo," mama akasema haraka.

"Mama, niache niseme."

Muuguzi alitutazama, mmoja kisha mwingine. "Basi mumefanya kazi wawili," akasema. "Mumoja anakata, mwingine anaficha." Halafu akanieleza, na nitaandika nilivyoelewa. Sukari ikikaa juu miaka mingi inaua mishipa ya hisia, kuanzia vidoleni. Mtu asiyesikia mguu anakanyaga mahali palepale siku nzima bila kubadilisha uzito, kwa hiyo ngozi inajenga sugu, na sugu inakuwa kama changarawe ndani ya kiatu, inaponda nyama iliyo chini. Pengine pale chini palikuwa pameshaoza kabla sijafika na jiwe langu. "Jiwe liliharakisha," akasema. "Halikuanzisha." Wiki mbili baadaye nilimuuliza tena, nikidhani alisema hivyo ili nisilie, akanijibu neno lilelile. Lakini aliongeza kwamba sugu ya mtu wa sukari haisuguliwi nyumbani. Inapunguzwa na mtu aliyefundishwa, kwa wembe safi, kidogokidogo, akiona anachokata.

Akachukua chuma chembamba chenye ncha butu. Alisema atakiingiza kidondani, na kikigonga mfupa tutapelekwa hospitali kubwa, na huko hawatazungumza juu ya bendeji. Niliona kinavyoingia. Mama alikuwa akitazama dirisha, hakuna kinachomuuma. Mimi ndiye niliyeshika ukuta.

"Laini," muuguzi akasema. "Haijafika kwa mfupa."

Akakata ngozi iliyokufa pembeni, akaosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, akafunga vizuri. Akampa vidonge vya kuua wadudu na kumuuliza vya sukari anavimeza namna gani. Mama akakiri anakata nusu ili vidumu. Muuguzi alifunga macho kidogo, akayafungua. Kisha akachora nyayo za mama kwenye karatasi ngumu, akaweka msalaba chini ya kidole gumba. Alitutuma kwa fundi viatu anayekaa karibu na soko la Katindo, atengeneze sandali pana za tairi na sponji nene, na pale penye msalaba sponji ichimbwe, ili kidonda kiwe hewani hata akisimama.

"Lakini sandali si ya kutembea," akasema. "Ni ya kufika chooni. Miezi tatu unakaa, muguu juu. Kila hatua ni kama kuponda kidonda na jiwe tena. Ukikanyaga, kidole kitaenda kwanza, kisha muguu. Nimeona wengi hapa."

"Miezi tatu," mama akasema. "Mwaka ya mutoto wangu iko katikati."

Alikuwa anasema juu ya siku ya kutimiza mwaka tangu tumzike. Familia ilipanga misa, kisha wote kwenda makaburini kusimika msalaba wa sementi. Muuguzi akauliza kama pikipiki inafika. Nikamwambia inafika barabarani tu, halafu mtu anapanda kwa miguu juu ya mawe, mwendo wa nusu saa kwa mzee. Alivua miwani akaifuta.

"Siwezi kukukataza kwenda kwa mutoto wako, mama. Mimi nachunga muguu tu."

Tukarudi nyumbani na hayo.

Wiki zilizofuata nilijifunza kutazama. Kila jioni kabla ya giza niliweka miguu yote miwili juu ya mapaja yangu, nikapitia katikati ya vidole, nikapangusa pale kwa kitambaa kikavu, nikapaka mafuta nyayo na visigino lakini si katikati ya vidole, kwa sababu unyevu pale unaozesha. Maji ya kuosha nilijaribu kwa kiwiko changu, maana yeye angeweza kuungua akiwa anacheka. Kucha nilikata kwa kunyoosha, bila kuingia pembeni. Kila baada ya siku mbili nilibadilisha bendeji. Mwanzoni nilikuwa natapika baadaye, nyuma ya nyumba. Nadhani alijua.

Na alikuwa anadanganya. Nikirudi sokoni namkuta amekaa vizuri, mguu juu ya gunia, kama mtakatifu kanisani. Siku moja nikaona nguo zimefuliwa na kuanikwa.

"Nani amefua?"

"Watoto."

"Watoto wako masomoni, mama."

"Nilisimama kwa kisigino tu."

Nikamwonyesha chini. Vumbi letu jeusi halifichi kitu. Alama ya mguu ilikuwa pale karibu na beseni, nzima, na kidole gumba chake.

"We umekuwa polisi," akasema.

"Nimekuwa polisi."

"Mume wako hangenifanya hivi."

"Angekufunga kamba."

Alicheka kidogo, akageuza uso upande wa ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja kati yetu bila mtu mwingine kuwapo.

Kadiri siku ilivyokaribia, aliacha kuzungumza nami juu ya makaburi, na hilo lilinitia hofu zaidi. Kidonda kilikuwa kimeanza kuwa chekundu safi, kimepungua kama nusu. Muuguzi alisema kinaenda vizuri lakini ngozi mpya ni kama utando wa maziwa. Nilitaka yeye amkataze. Nilitaka shemeji amkataze. Nilitaka padri. Kila mtu, isipokuwa mimi. Nilijiambia kwamba aliyefungua kidonda hana kinywa cha kumzuia mama asifike kwenye kaburi la mtoto wake. Na kulikuwa na neno jingine chini ya hilo, baya zaidi, ambalo nilificha hata kwa Mungu. Kidonda kikirudi, watu watasema nilimwachia aende. Asipoenda, watasema nilimfungia. Nilikuwa ninajifikiria mimi.

Asubuhi ya siku ile alivaa kitenge chake cha heshima na kufunga kilemba. Akakaa kwenye kiti, sandali za tairi miguuni. Shemeji alikuja na watu wa familia na pikipiki mbili zikingoja nje.

"Mama, twende," akasema. "Pale pa mawe nitakubeba mugongoni."

"Wewe? Na huo mugongo unaolia kila ukibeba kidumu cha maji?"

"Basi tutakubeba wawili."

"Mimi siendi kubebwa makaburini. Wanaobebwa kule ni wengine." Alivuta kitenge juu ya magoti. "Nitatembea."

Shemeji akanigeukia. "Anatembea, umesikia. Mama wa mutu hawezi kukosa siku hii. Tutakwenda polepole."

Nilisema, "Dokta alisema..."

"Dokta hakuzaa yule."

Mama akanyoosha mkono kutunyamazisha. "Mukazana," akaniita. "Kila jioni wewe ndiye unaona hii muguu. Mimi siioni, na siisikii. Sema wewe. Niende?"

Wote walinitazama. Nilikuwa nimeshika shada la maua ya plastiki. Najua kama ningesema "nenda", hakuna mtu angenilaumu siku ile, na yeye angenibariki.

"Hapana, mama. Ukae."

Shemeji alisonya. Akasema mbele ya watu kwamba mume wangu angekuwepo mama yake asingepokea amri kutoka kwa mwanamke. Nikamwambia kidonda hicho nilikifungua mimi kwa jiwe, jambo ambalo alikuwa hajalijua, na kwamba sitaki kukifungua mara ya pili kwa mdomo. Akanitazama kama anayetaka kunipiga.

"Nilimuuliza yeye," mama akamwambia. "Sikukuuliza wewe. Nendeni, misa itawaacha." Akaanza kufungua kilemba chake, mkunjo kwa mkunjo, akakiweka juu ya mapaja. Nilimwinulia mguu juu ya gunia. Hakunitazama. Tukaondoka.

Niliporudi mchana alikuwa palepale. Safari hii hakukuwa na alama chini, nilitazama, sitasema uongo.

"Kuko namna gani?" akauliza.

Nikamweleza. Msalaba umesimama sawa. Majani yameota upande wa miguu, nikayang'oa. Sementi iliyofunika kaburi imeshaanza kupasuka pembeni kwa sababu fundi aliharakisha na mchanga wake ulikuwa mchafu.

"Imepasuka?"

"Ufa mudogo, mama. Wa kidole."

"Angemutukana huyo fundi," akasema.

"Angemubomolea, aanze tena."

Hapo alilia, mdomo umefunguka, kama watoto wanavyolia, na mimi nikakaa chini karibu na gunia nikalia naye. Tangu matanga tulikuwa hatujalia pamoja. Wasichana wangu walirudi wakatukuta, wakaenda kuwasha moto bila kuuliza.

Kidonda kilifunga katika mwezi wa nne wa matibabu. Muuguzi alikibonyeza kwa kidole gumba pande zote, akapunguza sugu ndogo iliyoanza kurudi, akasema, "Imefunga." Hakusema imepona. Alisema hisia hazirudi, na mguu uliowahi kufunguka unapenda kufunguka tena, kwa hiyo atamwona kila mwezi maisha yake yote. Akatutengenezea mchoro mwingine kwa ajili ya sandali za kutembelea. Shemeji ndiye aliyezileta kutoka kwa fundi. Aliziweka mlangoni, akasema ni imara, akaondoka. Hatujawahi kuzungumza juu ya ile asubuhi.

Tulienda makaburini siku ya katikati ya wiki, sisi wawili tu, pikipiki ikatuacha barabarani. Njia ambayo mimi napanda kwa dakika chache ilituchukua asubuhi nzima. Alikuwa anaangalia kila jiwe kabla ya kuweka mguu, kwa macho, kwa sababu hana kitu kingine cha kulijulia. Tulipumzika kwenye makaburi ya watu tusiowajua, naye akawa anawasomea majina kwa shida na kuwasalimia, akiomba radhi kwa kuwakalia. Tulipofika alipitisha kidole kwenye ufa wa sementi, akaukagua mpaka mwisho wake. Halafu akakaa pembeni ya kaburi na kunyoosha miguu.

Nilipiga magoti nikafungua kamba za sandali. Nikatazama wa kushoto kwanza, kisha wa kulia: kisigino, pembeni, katikati ya vidole, na kovu chini ya kidole gumba. Nikaingiza mkono ndani ya sandali nikatoa kijiwe kimoja, kidogo kama punje ya mahindi, nikakitupa.

"Kuko kitu?" akauliza.

"Hakuna, mama. Iko muzima."

Nikamvalisha tena, nikakaza kamba, tukakaa.